Mizani ya Asubuhi

Kabla ya chai, kabla ya redio,
baba anapanda mizani kama mtu anayepanda kizimbani,
mikono mgongoni, macho ukutani.
Miaka ishirini na miwili alipima tumbaku ya watu, Maracha hii hii,
akilijua kwa kidole tu jani lililonyunyiziwa maji usiku
ili libebe uzito wa uongo.
Leo maji yamo ndani yake mwenyewe
na karani ni mimi.

Sitini na nane nukta nne.
"Mizani yako imelewa," anasema.
Naandika.

Simu naitundika kwenye msumari wa kalenda,
karibu na dirisha la mashariki, mtandao haufiki pengine.
Nimeichaji dukani kwa Ezati, shilingi mia tano,
na bado inanihesabia asilimia kama mdai.
Saa mbili kasoro Daktari Marjani anatokea kutoka Arua:
kipaji kwanza, kisha vipande vya shavu,
sauti mwisho, imechelewa
kama mtu aliyesahau kitu mlangoni.
Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake kimenyooka.
Mimi nakigeuza Kilugbara,
na majibu ya baba nayapunguza matusi njiani.

"Haya, niazime kidole gumba chako."
Nabonyeza juu ya kifundo. Moja. Mbili. Hadi tano.
Naachia.
Shimo linabaki,
la kutosha punje ya mtama;
siku mbaya, la kutosha kunde.
Nalisogezea kamera,
na huko mjini mtu mzima anainama kutazama
shimo nililochimba kwenye mguu
ambao zamani niliusimamia ili nifikie embe za jirani.

Jumatano: sabini na moja nukta tisa.
Usiku alilala ameketi, mito mitatu,
akivuta pumzi kama anainywa kwa mrija.
Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza vidonge. Aliuliza chumvi.
Baba akaapa kwa kaburi la mama
kwamba chumvi hajaionja tangu Pasaka.

Kimya.

"Dada, nyuma ya bega lako, kile kinachoning'inia ni nini?"

Nikageuka.
Angara. Samaki mkavu wa Panyimur,
chumvi imemganda hadi anameta,
amefungwa kwa mpira wa baiskeli, nusu ya mkia haipo.
Kila siku nilimpita.
"Panya," akasema baba.
Panya gani, baba, anayekula na ugali?

Daktari alicheka mpaka picha ikaganda, mdomo wazi.
Aliporudi hakuwa anacheka:
vidonge viwili badala ya kimoja,
na akishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika
usingoje saa mbili, mwamshe Candia na bodaboda yake, mje.
Usiku ule nilihesabu safari za chooni. Sita.
Nilimmulikia njia kwa simu ileile,
asilimia kumi na moja, tisa, saba,
nikisikiliza sentensi zake kama mwalimu wa imla.
Kulala kwangu hakuna aliyekuuliza,
wala daftari halina mstari wa hilo.

Jumamosi: sitini na tisa kamili.
Shimo likajaa kabla sijafika tatu.

Ndipo baba akaitaka simu, kwa mara ya kwanza,
akaishika kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi.
"Mwambie naye anionyeshe mguu wake.
Siku arobaini ananitazama wangu."

Nikasita. Daktari alishaelewa bila mimi.
Picha ikayumba: dari, feni, kona ya meza,
soksi ya kijivu yenye tundu kisiginoni,
kisha mguu, mwembamba, wenyewe,
na kidole gumba chake kikibonyeza. Moja. Mbili. Hadi tano.
Hakikubaki kitu.

Baba akausogeza mguu wa daktari karibu na macho,
akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha
kama jani la mkulima asiyemjua,
akachukua muda wake,
akatoa bei:

"Gredi ya pili. Viatu vinambana."